Maana ya "Kutosha": Uhakiki wa Lugha ya Usaili wa Uraia, kwa Mfano wa Singida

Katika Sheria ya Uraia wa Tanzania, namba 6 ya mwaka 1995, limo sharti moja ambalo wanaisimu hawakulitazama kwa kadiri listahilivyo. Mgeni aombaye uraia hupaswa kuwa amekaa nchini muda wote wa miezi 12 kabla ya kuomba. Na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe na tabia njema. Awe amelifaa taifa au aweza kulifaa. Awe na nia ya kuendelea kukaa humu. Na tena awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza. Masharti ya ukaaji yana hesabu, na karani yeyote aweza kuyapima kwa kalenda. Sharti la lugha halina hesabu. Neno "kutosha" limesimama peke yake: halikuambiwa latosha kwa kazi gani, wala kwa sikio la nani, wala kwa mizani ipi. Makala hii yataka kulihakiki neno hilo pamoja na mazungumzo ambamo hupimwa.

Kurasa za namna hii zimezoea kuhakiki mashairi, riwaya na kamusi, na huenda msomaji akaona ajabu kwamba nachukua mazungumzo ya ofisini na kuyatia katika safu hiyo. Lakini usaili wa uraia ni utungo kama tungo nyingine. Una wahusika wanaojulikana, una mwanzo na mwisho, una maneno yapasayo na yasiyopasa, na una kanuni ambazo mmoja wa wahusika azijua vema kuliko mwenziwe. Tena matokeo yake ni mazito. Mshairi akikosa mizani hupungukiwa na sifa. Msailiwa akikosa mizani aweza kupungukiwa na nchi. Na kosa hilo si jepesi kusahihishwa, kwa sababu ombi likishapita wilayani na mkoani na kufika makao makuu, uamuzi wa mwisho ni wa Waziri, na sheria hiyo ya 1995 haikumlazimu kueleza sababu zake wala haikuacha njia ya rufaa. Kwa hiyo ikiwa lugha ya mwombaji ilisikiwa vibaya mwanzoni, hapana mahali pa mbele ambapo sikio la pili litasahihisha la kwanza.

Tuanze na majina. Mazungumzo haya watu wengi huyaita mahojiano. Ni neno zuri, lakini halisemi kweli. Ndani yake mna kiambishi cha kutendana, kile kile kilichomo katika maelewano na mapatano. Yaani kila mmoja amhoji mwenziwe, hoja ikutane na hoja. Mbele ya meza ya uraia hakuna kutendana huko. Mwombaji haulizi neno, hujibu tu. Jina lifaalo zaidi ni usaili, ambalo lina udugu na swali, na ambalo halidai kwamba maswali yaenda huku na huku. Msaili yuko upande mmoja wa meza na msailiwa upande wa pili, na ile w ya kutendwa iliyo mwishoni mwa jina lake yatosha kumjulisha hali yake.

Neno raia nalo lataka kutazamwa. Limetoka katika Kiarabu, na huko lina udugu na maneno ya kuchunga: raia ni wachungwao, na mtawala ni mchungaji wao. Katika maandishi ya zamani ya Kiswahili raia alikuwa mtu aliye chini ya mfalme. Maana ya leo, ya mtu mwenye haki na wajibu katika dola yake, ni maana iliyopandikizwa juu ya ile. Mfugaji wa Singida hatatatizwa na sitiari hiyo. Yeye ajua kwamba ng'ombe aliyenunuliwa mnadani na ng'ombe aliyezaliwa zizini huenda malishoni pamoja na kurudi pamoja, na kwamba anayehoji asili ya yule wa kwanza kila jioni mlangoni mwa zizi hajui kazi ya ufugaji.

Sheria imewagawa raia mafungu matatu: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajnisi. Mafungu mawili ya kwanza yasemwa kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu ayaelewa. La tatu lasemwa kwa neno ambalo hata mtu aliyesoma sana hulifungulia kamusi. Tajnisi ni neno la Kiarabu lenye mzizi ule ule uliotupa jinsi na jinsia, na maana yake ni kumfanya mtu awe wa jinsi moja na wengine. Sina neno juu ya asili yake. Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa. Kasoro yake ni kwamba halikuingia vinywani mwa watu. Sokoni watu husema fulani "amepewa uraia". Hivyo mtu huombewa, husailiwa, na hupewa hali ambayo yeye mwenyewe hawezi kuitaja jina, na jirani zake hawawezi kumtaja nayo. Jina gumu humweka mtu pembeni hata baada ya cheti kumwingiza ndani.

Na lipo neno la nne ambalo sheria haikulitumia, nalo ndilo lenye maana iliyokomaa: mwenyeji. Kiswahili hakimwiti mwenyeji yule aliyezaliwa mahali tu, bali yule apajuaye mahali na kupakalia. Mtu aliyehamia Singida miaka ishirini iliyopita humpokea mgeni wa leo stendi, humwonyesha njia, na hapana mtu amkatazaye kuitwa mwenyeji wake. Lugha yenyewe, kabla ya bunge lolote kutunga sheria, ilikuwa imekwisha kukiri kwamba ukaaji humgeuza mtu.

Sasa tuingie katika maswali yenyewe. Swali lililo jepesi kuliko yote kinywani mwa Mswahili ni hili: "Kwenu wapi?" Twaulizana garini, msibani na arusini. Lakini mbele ya meza ya uraia swali hili lina mtego wa kisarufi. Neno "kwangu" ni nyumba niliyojenga, aghalabu. "Kwetu" ni mahali nilipotoka pamoja na watu wangu. Mnyaturu aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, ambaye hajalala Singida usiku mitatu mfululizo, bado husema kwetu ni Singida, na hapana amshukuye kuwa hana mapenzi na Dar es Salaam. Lakini mwombaji wa uraia akijibu kwa sarufi hiyo hiyo kwamba kwao ni Bururi au Rutana, jibu lake laweza kusikika kama tangazo la moyo uliogawanyika. Akijibu kwamba kwao ni Singida, laweza kusikika kama uongo. Amejibu vema kwa Kiswahili na vibaya kwa usaili.

Ugumu wazidi tukikumbuka kwamba Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na mwombaji hupaswa kuukana uraia wake wa kwanza. Na wahenga wetu wamesema, mkataa kwao ni mtumwa. Basi sheria yamtaka akane, na methali yamwambia kwamba akikana atakuwa mtumwa. Njia ya kutoka katika kinzano hili ni kutenga mambo mawili ambayo usaili huyachanganya. Uraia wa kwanza ni kifungo cha kidola; chaweza kufungwa na kufunguliwa kwa karatasi. "Kwao" ni habari ya kaburi la babu, nyimbo za mama na jina la mto. Hakuna karatasi iwezayo kuifuta, wala hapana sheria ya Tanzania iliyopata kudai ifutwe. Msaili ajuaye lugha atauliza, "Wewe ni raia wa nchi gani sasa?" akitaka kujua la kwanza, na ataacha "Kwenu wapi?" kwa mazungumzo ya chai.

Nimechagua mkoa wa Singida kuwa mfano, na sababu yake ni ya kiisimu. Katika Singida na mipaka yake ya kaskazini na mashariki hukutana lugha za makundi yote makuu manne ambayo Joseph Greenberg aliyagawia Afrika mwaka 1963. Wapo wasemao lugha za Kibantu: Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu, Wakimbu na Wagogo. Wapo Wataturu na Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wapo Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Na wapo Wahadza, baadhi yao katika kijiji cha Munguli wilayani Mkalama, pamoja na Wasandawe walio jirani upande wa Kondoa na Chemba, wenye lugha za vidoko. Wanaisimu wengi leo husita kuziweka lugha hizi mbili za mwisho katika ukoo mmoja, na Kihadza hukihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu; lakini kusita huko kwazidisha ajabu ya mahali hapa, hakuipunguzi.

Basi Kiswahili cha Singida ni cha nani? Jibu la kweli ni kwamba kilikuja mgeni. Kilipita Mgunda Mkali, ile nyika ngumu kati ya Ugogo na Unyanyembe, pamoja na misafara ya karne ya 19. Kilikaa Kilimatinde pamoja na boma la Wadachi. Kilipanda gari moshi lililopita Manyoni na Itigi na kufika Tabora mwaka 1912. Kikaingia makanisani, misikitini, shuleni na katika mikutano ya TANU. Wanyaturu hawakukizaa, walikipokea, wakakipa kiti, na sasa kimekuwa mwenyeji hata watoto wa mjini hawana lugha nyingine. Na kila aliyekipokea alikitia matamshi ya nyumbani kwake. Kinyaturu na Kinyiramba vina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano. Masikio yaliyozoea Unguja huisikia tofauti hiyo kabla ya sentensi kwisha. Na l na r, herufi mbili zilizowahangaisha walimu wengi wa imla, hazikutulia hata katika majina: wilaya yaandikwa Iramba, na lugha ya watu wake katika vitabu vya wataalamu yaandikwa Kinyiramba na Kinilamba, bila ya mmoja kumshinda mwenziwe.

Yafuata kwamba Singida matamshi hayawezi kuwa ushahidi wa uzawa. Tuchukue mfano wa mwisho kabisa. Akiwapo Munguli mzee wa Kihadza aliyeishi porini maisha yake yote, ambaye hajapata kuzowea Kiswahili wala hakupata kukisikia Kiingereza, mzee huyo ni raia wa kuzaliwa na hapana atakayemsaili. Lakini lau angesailiwa angeshindwa. Naye ni mtu ambaye watu wake wamekaa katika ardhi ile kabla ya sisi sote wenye kumsaili. Kipimo ambacho mgeni aweza kukifuzu na mwenyeji wa kale kuliko wote kukianguka hakiwezi kuwa kipimo cha nani ni wa hapa. Chaweza kuwa kipimo cha jambo jingine, nami nitalitaja mbele.

Katika haya nina ushuhuda mdogo wa kuleta, na kwa kuwa ndio ulionifanya kuandika, sitauficha. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu mjini Singida, mtu aliyenizidi umri, alinijia jioni moja kwa heshima nyingi. Alibebwa mgongoni kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mtoto, akakulia katika makazi ya Ulyankulu. Wenziwe walipoandikishwa kwa wingi yeye alikuwa mbali katika biashara, na sasa aliomba peke yake, kwa njia ya kawaida. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake aliandika maneno kwa mwandiko wa shule ya msingi: lala, lima, kula, kalamu, leo, mlango. Alitaka nimnyoshe ulimi kabla ya siku ya kuitwa.

Msomaji mwanaisimu amekwisha kuelewa. Kirundi husema kurima, kurara na kurya pale ambapo Kiswahili husema kulima, kulala na kula. Ulimi wa mtu huyu ulikuwa ukitafsiri l kuwa r bila ya kumwomba ruhusa. "Mwalimu," aliniambia, "nyumba nimejenga, wajukuu ninao, hata jembe langu la kwanza nalikumbuka. Rakini huu mrango unanishinda." Nilimjibu kwamba Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na kwamba sheria haikutaja l wala r. Alinitazama kwa upole, kama mtu atazamavyo kijana aliyesoma mno, akasema, "Mzee wangu, sheria haitaniuliza. Ataniuliza mtu."

Sina ushahidi kwamba msaili yeyote alipata kumhukumu mtu kwa herufi hiyo, na simshitaki yeyote. Nahakiki neno ambalo sheria imeliacha wazi, na hofu iliyoingia katika uwazi huo. Kwa jioni tatu nilimfundisha kuuweka ulimi nyuma ya meno, nami nilijua kwamba nafanya kazi ambayo elimu yangu haikubaliani nayo. Jina la mtu na maisha yake yalikuwa mezani. Sikuona haki ya kuyatumia kuthibitisha nadharia. Lakini kazi ile ilinionyesha kasoro yenyewe. Kwa hesabu ya msamiati, mtu huyu alikuwa ananishinda: alijua majina ya magunia, ya lori, ya magonjwa ya vitunguu, ya kupima na kupunja, ya madeni na ya suluhu. Alijua kusihi, kukataa bila ya kuudhi, na kutoa pole msibani. Ikiwa ujuzi huo hautoshi, basi neno "kutosha" halina maana tuijuayo. Na kwa jioni tatu mimi na yeye tulikuwa tukishughulika na ncha ya ulimi.

Hatari ya kumtambua mtu kwa matamshi yaonekana zaidi magharibi ya Singida. Kirundi, Kinyarwanda, Kihangaza na Kiha ni lugha za kundi moja, nazo zaelewana kwa kiasi kikubwa. Kiha husemwa Kigoma na Kihangaza Ngara, na wasemaji wake ni raia wa kuzaliwa. Malalamiko ya watu wa Kigoma kwamba hushukiwa kuwa si Watanzania yamesikika mara nyingi, hata bungeni. Mpaka uliochorwa na Wadachi na Wabelgiji na Waingereza haukuuliza lugha zilipita wapi. Sisi hatuwezi leo kuuliza lugha mpaka umepita wapi.

Jambo hili limekwisha kuwasumbua wataalamu katika nchi nyingine. Nchi kadhaa za Ulaya zilipoanza kuchunguza maneno ya waomba hifadhi ili kujua walikotoka, kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo mwaka 2004. Humo walionya kwamba lugha ya mtu yaweza kuonyesha mahali alipolelewa na jamii iliyomlea, lakini haiwezi yenyewe kuonyesha uraia, kwa sababu uraia ni jambo la kidola na lugha ni jambo la jamii. Kiswahili chenyewe kimekwisha kusimamishwa kizimbani kwa namna hiyo. Kibajuni husemwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia, na Wabajuni waliokimbilia Uingereza wakisema wametoka visiwa vya Somalia walichunguzwa kwa lahaja yao ili ijulikane kama ni wa upande huu au ule. Mwanaisimu aweza kusema mengi juu ya lahaja hiyo. Lakini mawimbi ya bahari yale hayana alama ya mpaka, wala irabu hazina.

Fasihi nayo imeligusa jambo hili. Katika riwaya ya By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, amemchora mzee Saleh Omar akiwasili uwanja wa ndege wa Gatwick. Mzee huyo ajua Kiingereza, lakini ameshauriwa asionyeshe kwamba akijua; basi amesimama mbele ya ofisa na kuificha lugha aliyo nayo. Wasomaji wengi wamelisifu tendo hilo kwa ujanja wake. Kwangu mimi thamani yake ni kwamba ladhihirisha jinsi usaili ulivyo: lugha haipimwi kwa kile iwezacho kufanya, bali yatazamwa kuwa alama, na mwenye akili hujifunza kuionyesha au kuificha alama hiyo kwa kadiri ya faida. Saleh Omar huficha lugha nzima ili aaminiwe. Mtu wa vitunguu huficha herufi moja. Wote wawili wamelielewa soko walilomo.

Yapo mataifa yaliyojaribu kuupunguza mtego kwa kuyaweka maswali hadharani. Katika jaribio la uraia lililoanza kutumika Marekani mwaka 2008, maswali 100 ya historia na serikali yalichapishwa mapema. Msailiwa aliulizwa yasiyozidi 10 naye alipaswa kujibu 6, na kwa lugha aliombwa kusoma sentensi moja na kuandika sentensi moja, kila mara kwa nafasi tatu. Uingereza tangu mwaka 2013 hutaka ngazi ya lugha iliyotajwa na kuelezwa kwa maandishi. Sisemi kwamba tuige. Kipimo cha hadharani nacho chaweza kuwa kigumu kwa makusudi. Lakini walau mwombaji ajua nini kitatosha, wala hakai usiku akiuogopa mlango.

Kuna kasoro nyingine katika sharti letu, nayo ni ile "au". Ujuzi wa Kiswahili au wa Kiingereza: kwa maneno hayo mtu aweza kuwa Mtanzania bila ya Kiswahili, maadamu ana Kiingereza. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, na hadi mwaka 2021 ndipo bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Tulinganishe na Kenya. Sheria yao ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 humtaka mwombaji awe aweza kuelewa na kusema Kiswahili au lugha ya mahali. "Au" ile imeelekea ndani, na hii yetu imeelekea nje. Kwa sheria ya Kenya, mwanamke aliyeolewa Ikungi na kujifunza Kinyaturu kwa mama mkwe angekuwa na ujuzi wa kuonyesha; kwa sheria yetu ujuzi huo hauhesabiwi, na Kiingereza cha hotelini chahesabiwa. Katika mkoa kama Singida, ambako mtu huzikwa kwa lugha ya kijiji, hili lataka kufikiriwa upya.

Hapa nataka kumkumbusha msomaji jambo la mwaka 1961. Mwezi Oktoba mwaka huo, wiki chache kabla ya uhuru, bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa katakata uraia usipimwe kwa rangi, na serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Rangi ilitolewa nje kwa mlango wa mbele. Itakuwa hasara ikiwa matamshi yataingizwa kwa mlango wa uani kufanya kazi ile ile.

Basi Kiswahili chapima nini? Kwa maoni yangu chapima kukaa pamoja. Kwa kuwa wengi wetu hatukuzaliwa nacho bali tulikipata kwa kuishi na wengine, kukijua ni ushahidi kwamba mtu ameishi na wengine. Ujuzi "watosha" ikiwa mtu aweza kuelewa na kueleweka katika mambo ya uraia: kueleza shauri lake barazani, kufuata mkutano wa kijiji, kupiga kura akijua anachochagua, kumpeleka mtoto hospitali na kueleza maradhi yake, kudai haki yake na kuungama kosa lake. Hayo yaweza kuorodheshwa, na yaweza kuchunguzwa kwa mazungumzo ya nusu saa bila ya kuitazama l wala r. Kazi ya kuandika orodha hiyo ni yetu, sisi wa taasisi za Kiswahili. Tumesanifisha msamiati tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930. Hatujaeleza bado ni kiasi gani cha lugha humtosha mtu kuwa mwenzetu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufafanuliwa kama kejeli kwa mgeni mvivu. Yasomeke pia kwa namna nyingine. Jembe hapewi mtu anayefukuzwa. Mwenye jembe ana shamba, na mwenye shamba ana jirani. Wakimbizi wa 1972 waliotiwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa ardhi, wakalima, wakajilisha na kulisha wengine. Mwaka 2007 waliulizwa kama wataka kurudi au kubaki. Walio wengi walichagua kubaki, na maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Jembe walipewa siku ya tatu, kama wahenga walivyoagiza. Jina la mwenye jembe lilikawia miaka 42. Tendo lile la kuwapa uraia watu wengi kwa mara moja lilikuwa kubwa, na nchi chache duniani zimethubutu mfano wake. Kwa sababu hiyo hiyo yafaa wale wachache waliobaki nje wasizuiwe na jambo dogo.

Jioni ya tatu, tulipomaliza, yule mzee aliniuliza kama najua neno mgeni kwa Kirundi. Nilidhani najua, kwa kuwa mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Alicheka. Kwao, alisema, anayekuja kutembea huitwa umushitsi. Umugeni ni bibi arusi. Nilikwenda kutazama, na ni kweli: mzizi ule ule ambao Kiswahili huutumia kwa mtu wa kupita, Kirundi huutumia kwa yule ajaye kutoka ukoo mwingine asirudi, akawa mama wa nyumba. Hakuna amwulizaye bibi arusi kama amesahau kwao. Humwuliza kama atakaa.

Ombi lake lingali njiani ninapoandika haya. Ile karatasi aliniachia. Chini ya neno mlango ameongeza, kwa kalamu nyingine, neno ambalo sikumfundisha: kulea.